Amarone, Ripasso, Valpolicella, Recioto: zabibu zilezile, chupa ipi ununue?

Kizibo

Wakuu, naomba ulinganisho wa kina, na tafadhali tusiishie kwenye "inategemea unapenda nini".

Valpolicella, milima iliyo juu ya mji wa Verona kaskazini mashariki mwa Italia, inatoa mivinyo minne myekundu kutoka kwenye zabibu zilezile: Valpolicella yenyewe, Valpolicella Ripasso, Amarone, na Recioto ambayo ni tamu. Ulaya, Valpolicella inauzwa euro 8 hadi 12, Ripasso 14 hadi 25, na Amarone ya maana ni nadra kuipata chini ya 30. Kutoka hapo inapanda mpaka mamia.

Nataka kujua: bei inapishana hivyo kwa sababu gani hasa? Ripasso ni kweli "Amarone ya bei nafuu" kama wauzaji wanavyoimba? Na kwa Amarone, nichukue ya jadi iliyolala miaka kwenye pipa kubwa au ya kisasa ya pipa dogo jipya?

Chanja

Mkuu Kizibo, jibu la swali la kwanza liko darini, zabibu zinakoanikwa, kwa hiyo tuanzie huko.

Zabibu kuu ni Corvina. Kanuni inataka iwe asilimia 45 hadi 95 ya mchanganyiko, na sehemu ya nafasi yake inaweza kujazwa na Corvinone. Halafu Rondinella, asilimia 5 hadi 30. Molinara zamani ilikuwa lazima. Siku hizi si lazima, na wengi wameiacha kwa sababu rangi yake ni hafifu na inachakaa upesi ikikutana na hewa.

Kwa Valpolicella ya kawaida zabibu zinavunwa na kupondwa mara moja. Kwa Amarone na Recioto kuna kazi kwanza. Mvunaji anachagua kishada kwa mkono, na anachotafuta ni kishada kilicholegea, punje zimeachana ili hewa ipite katikati, na pasiwe na punje hata moja iliyopasuka. Kishada kilichobanana, hata kiwe kizuri namna gani, kinaenda kwenye Valpolicella. Vilivyopita mchujo hupangwa tabaka moja tu, ama kwenye kreti zinazobeba kilo 5 au 6, ama kwenye vichanja vya matete viitwavyo arele, ambavyo zamani vilitumika pia kufugia viwavi wa hariri. Dari ina madirisha pande zote. Zabibu zinakaa humo siku 100 hadi 120. Sheria hairuhusu kuziponda kabla ya Desemba 1, na wengi husubiri hadi Januari.

Angalia kwamba hazianikwi juani. Kisiwani Pantelleria, kusini kabisa mwa Italia, zabibu za Zibibbo huanikwa juani na mvinyo wake unanukia zabibu kavu na asali. Verona wanaanika kivulini, kwenye baridi, ili maji yatoke polepole bila tunda kupikika. Na punje ile haijafa: inaendelea kupumua, inakula sehemu ya asidi yake ya maliki (ile kali ya tofaa bichi), na ganda linalainika. Ukitoka hapo una tunda jingine kabisa, si juisi iliyopunguzwa maji tu.

Sasa hesabu. Kilo 100 za zabibu mbichi zinatoa takriban lita 70 za Valpolicella, yaani chupa 93. Kilo 100 zilezile zikipanda darini zinapoteza kilo 30 hadi 40, karibu zote maji, na kanuni inaruhusu lita 40 tu za Amarone, yaani chupa 53. Ongeza mikono ya kupanga na kukagua kreti kwa miezi mitatu au minne, ongeza miaka miwili ya lazima ya kukomaa. Tena si mavuno yote yanayoruhusiwa kupanda darini: kikomo cha mavuno ni tani 12 kwa hekta, na kati ya hizo asilimia 65 tu ndiyo inaweza kuanikwa. Muungano wa wazalishaji huweza kuishusha zaidi mwaka soko likiwa limejaa.

Na kileo je? Chukua juisi yenye sukari gramu 190 kwa lita. Ikipoteza asilimia 30 ya uzito inafika kama gramu 270. Kila gramu 17 za sukari zinatoa asilimia moja ya alkoholi, kwa hiyo unatua kwenye 16. Ndiyo maana lebo za Amarone zinasoma 15, 16, pengine hata 17. Kima cha chini kisheria ni 14.

Siki_Mwiko

Chanja kaeleza vizuri, ila watu husifia dari bila kusema jinsi dari inavyoua mvinyo.

Adui wa kwanza ni ukungu wa kijivu. Wiki tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu punje bado imejaa maji na inayatoa kwa wingi, wakati nje ni Oktoba na ukungu wa hali ya hewa unalala mabondeni. Mtu wa dari anafungua madirisha upepo ukitelemka kutoka milima ya Lessini na anayafunga hewa ikiwa nzito. Akikosea, unyevu ukakaa juu ya asilimia 80 siku kadhaa mfululizo, punje moja inaoza, na jirani zake zinafuata ndani ya siku chache. Ndiyo sababu ya tabaka moja: ukipandanisha vishada, vya chini havipumui na hutaona kilichooza mpaka ukisikie kwa pua. Kila wiki kuna mtu anapita na mkasi.

Na usifikiri ukungu kidogo utafichwa na ukali wa mvinyo. Ukungu huo unaacha kimeng'enya kinachokula rangi hata baada ya kuchacha, na mvinyo mchanga unageuka rangi ya matofali kabla haujatimiza mwaka. Wapo wa zamani waliouvumilia kidogo kwa sababu unaongeza gliserini na ladha ya asali. Kwenye Recioto naelewa. Kwenye Amarone naona ni kujitafutia balaa.

Adui wa pili anakuja kwenye kuchacha. Ni Januari, ghala ni baridi, sukari ni nyingi kupita kiasi. Valpolicella inachacha siku 7 hadi 10. Amarone inachukua siku 30 hadi 50. Kileo kikipita 15 hamira zinaanza kufa. Zikikosa naitrojeni au baridi ikizidi, mchachuko unasimama na kuacha sukari gramu 20 au 30 kwa lita. Hapo huna Amarone na huna Recioto. Una kitu cha kunata kisicho na jina. Hamira zilizokufa hazifufuki kwa kutia hamira mbichi moja kwa moja. Lazima uandae nyingine pembeni, uizoeshe kileo kidogo kidogo kwa kuilisha mvinyo uleule, ndipo uirudishe pipani ukiwa umepasha ghala.

Wa tatu ni siki. Sukari nyingi inaitesa hamira, na hamira inayoteseka hutengeneza asidi ya siki yenyewe hata kabla bakteria hawajaingia. Kiasi kidogo huinua harufu. Kikizidi, glasi inanukia dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na hakuna nyama ya kuiokoa.

Halafu kuna kichekesho cha historia: Amarone yenyewe inasemekana ilianza kama kosa la aina hii, ila la upande wa pili. Mvinyo wa zabibu zilizoanikwa ni wa kale mno pale. Cassiodorus, waziri wa mfalme Theodoric, aliusifu kwenye barua katika karne ya 6, nao ulikuwa mtamu. Mwaka 1936, kwenye ghala la ushirika wa Negrar, pipa la Recioto lililosahaulika lilikutwa limeendelea kuchacha mpaka sukari ikaisha. *Amaro* ni chungu, na *-one* ni kiambishi cha ukubwa. Mswahili angeweka ji- mbele na kumaliza kazi.

Kizibo

Aisee, nimeelewa kwa nini bei inapanda. Na Ripasso? Kama makapi ya Amarone yanatumika tena, si ni Amarone ya pili?

Fundi_Makapi

Hapana mkuu, na huo wimbo wa "Amarone ndogo" ndio unaowapotosha wanunuzi.

Ripasso ni Valpolicella iliyopitishwa kwenye makapi. Oktoba unatengeneza Valpolicella yako na kuiweka tangini. Februari au Machi, Amarone inapomiminwa, yanabaki maganda yaliyolowa: yana mvinyo, sukari kidogo na hamira hai. Unaimwaga ile Valpolicella juu yake. Mchachuko wa pili unaanza, unakaa wiki moja hadi mbili. Mvinyo unapanda angalau asilimia moja ya kileo, unachukua rangi, ukakasi na unene. Kiasi cha Ripasso hakitakiwi kuzidi mara mbili ya Amarone iliyotoka kwenye makapi hayo. Kwa mfano wa Chanja: lita 40 za Amarone, basi Ripasso isizidi lita 80.

Nyumba ya mvinyo ya Masi ndiyo iliyoirudisha mbinu hii sokoni na mvinyo wake wa Campofiorin wa mavuno ya 1964. Ripasso ilipata daraja lake lenyewe la DOC (jina la asili linalolindwa kisheria) mwaka 2010, mwaka uleule ambao Amarone na Recioto zilipanda DOCG, daraja la juu yake.

Sasa inapoharibika. Ukikamua makapi sana kabla, umeyamaliza. Kilichobaki ni mbegu na uchungu wake. Ukiyaacha wazi hewani usiku mmoja, umetengeneza siki na Valpolicella yako nzima inaibeba. Lakini kosa kubwa kuliko yote ni la mwanzo kabisa: mvinyo wa msingi ukiwa mwepesi na wa mavuno mengi, makapi hayaujengi. Yanauvika koti kubwa mwilini mwembamba. Unaonja utamu mdomoni mwanzoni, katikati hamna kitu, mwisho uchungu wa mbao. Ripasso nyingi za rafu ya chini ndizo hizo.

Kwa hiyo ulinganisho wangu: ukiwa na euro 15, chukua Valpolicella Superiore (imekomaa angalau mwaka, kileo 12 na kuendelea) kutoka kwa mkulima makini, acha Ripasso ya kiwanda kikubwa. Ukiwa na 22 hadi 25, Ripasso ya nyumba inayotengeneza Amarone nzuri ni ununuzi wa akili, maana ubora wa makapi unafuata ubora wa Amarone iliyoyaacha.

Chanja

Hapo kwenye Superiore naunga mkono. Ila kidogo nimtetee Ripasso: kuna nyumba zinaongeza zabibu zilizoanikwa nusu badala ya makapi, na Masi wenyewe walihamia huko baadaye. Matokeo ni safi zaidi, kwa sababu makapi pia hunyonya rangi na asidi, hayatoi tu. Ila mvinyo wa hivyo kisheria hauitwi Ripasso, kwa hiyo uutafute chini ya jina la Rosso Verona au Rosso del Veronese.

PipaKubwa

Nami niingie kwenye lile swali la jadi na kisasa, maana hapa ndipo watu hutukanana bure.

Pipa la jadi ni la mwaloni wa Slavonia, mashariki mwa Croatia, hektolita 20, 40, hata 80 (hektolita moja ni lita 100). Mbao zake nene zimeshatumika miaka mingi, hazina tena ladha ya kutoa. Kazi yake ni moja: kuruhusu hewa kidogo mno iingie, kwa muda mrefu. Pipa dogo la lita 225 lina eneo kubwa la mbao kwa kila lita, na likiwa jipya linatia vanila, moshi na ukakasi wake lenyewe juu ya ule wa zabibu.

Upande wa jadi mfano unaotajwa na kila mtu ni Giuseppe Quintarelli wa Negrar, aliyefariki 2012. Amarone ya nyumba hiyo hukaa pipani karibu miaka saba. Bertani nao, ambao Amarone yao ya kwanza ni ya mavuno ya 1958, wameshikilia mapipa makubwa mpaka leo. Ukimimina, rangi si nyeusi. Ni nyekundu inayoelekea kahawia ukingoni. Harufu ni cheri zilizokaushwa, tumbaku, majani machungu, ngozi. Utamu unaouhisi ni wa kileo na gliserini zaidi kuliko sukari.

Upande wa kisasa simama kwa Romano Dal Forno, bonde la Illasi, mashariki. Mizabibu imebanwa zaidi ya 10,000 kwa hekta, vyumba vya kuanikia vina feni zinazoendeshwa kwa kompyuta, na mapipa ni madogo mapya. Mvinyo wake ni mweusi tititi, mzito, chokoleti na vanila tele ukiwa mchanga. Miaka kumi ya kwanza usiuguse.

Nionavyo mimi, pipa kubwa linaonyesha bonde na mwaka. Pipa dogo linaonyesha mtengenezaji. Ila pipa kubwa si tiketi ya peponi. Mvinyo hupungua kwa mvuke, na pengo lisipojazwa kila wiki au mbili, hewa inageuza juu kuwa siki. Pipa la zamani lisilosafishwa vizuri hufuga hamira mwitu, na mvinyo unanukia zizi la farasi. Baadhi ya watu wanaiita hiyo "tabia ya jadi". Mimi naiita uchafu. Kosa la upande wa pili ni mbao mpya kuongezwa juu ya kileo cha 16 na sukari iliyobaki: unapata sharubati ya vanila inayochosha kwenye glasi ya pili.

Siki_Mwiko

PipaKubwa, kwenye pipa tuko pamoja, kwenye feni hapana. Umezitaja kama dalili ya usasa mbaya. Mwaka 2014 mvua ilinyesha karibu kiangazi chote, na baadhi ya nyumba hazikutoa Amarone kabisa. Waliookoa walichookoa ni wale wenye feni na mashine za kupunguza unyevu. Dari ya kijijini yenye madirisha tu, mwaka wa namna ile, ni shamba la ukungu.

PipaKubwa

Sikusema ni mbaya. Nasema feni ni bima, na bima haifai kugeuka biashara. Mashine inaweza kuitoa punje asilimia 30 ya uzito ndani ya siku 40 hadi 50. Namba ya sukari inafanana na ya siku 110, lakini ile kazi aliyoisema Chanja ya tunda kupumua na kubadilika haijapata muda. Unapata juisi nzito, wala si Amarone. Ukimuuliza mtengenezaji swali moja tu, muulize kaanika siku ngapi na mashine inawashwa wakati gani. Anayejibu "wiki tatu za mwanzo na siku za ukungu" anajua anachofanya.

Siki_Mwiko

Hapo sina ubishi.

Bonde_kwa_Bonde

Mmeruka eneo, na linahesabika kwenye chaguo. Neno Classico kwenye lebo halimaanishi mtindo wa kizamani, linamaanisha eneo la asili: Negrar, Marano, Fumane, San Pietro in Cariano na Sant'Ambrogio. Kwa kwenda mashariki unakuta Valpantena, ambayo inaruhusiwa kuandika jina lake, halafu mabonde kama Mezzane na Illasi.

Kwa kifupi sana: Marano ni juu, baridi zaidi, udongo una asili ya volkano mahali pengi, mvinyo wake ni mwembamba kidogo na wenye harufu nzuri. Negrar na Fumane zina mwili zaidi. Sant'Ambrogio ni chokaa, ndiko yanakochimbwa mawe mekundu ya Verona. Mashariki mivinyo huwa myeusi na mizito, na mashamba mengi ni mapya. Kama unapenda maelezo ya PipaKubwa kuhusu cheri kavu na majani machungu, anza na Classico.

Kitu kingine ambacho wageni hukidharau ni kichanja cha mzabibu, pergola. Macho ya chini ya tawi la Corvina hayazai, kwa hiyo inahitaji tawi refu lililolazwa, na pergola inalipa nafasi. Pia majani yanakaa juu ya kishada kama mwavuli. Miaka ya joto kali kama 2003 na 2017, waliong'oa pergola wakaweka safu za waya walijua faida ya kivuli.

Mtazama_Lebo

Kwa wanunuzi, haya ndiyo ya kuangalia chupani.

Amarone halali ina utepe wa serikali shingoni wenye namba ya mfululizo na herufi DOCG. Hakuna utepe, hakuna Amarone. Neno "Appassimento" peke yake, mara nyingi kwenye chupa nzito ya Puglia yenye lebo ya dhahabu, linasema tu kwamba kuna zabibu zilizoanikwa mahali fulani kwenye mchakato. Kwa kawaida ni mtamu, kileo 14, na hauna undugu na Verona. Si haramu, ila usilipe bei ya Amarone.

Riserva ni miaka minne ya kukomaa ikihesabiwa kutoka Novemba 1 ya mwaka wa mavuno. Ya kawaida ni miwili kutoka Januari 1 inayofuata. Riserva haimaanishi lazima zabibu bora, inamaanisha muda.

Na Amarone ya euro 17 ya duka kubwa? Rudia hesabu ya Chanja. Karibu kilo mbili za zabibu zilizochaguliwa kwa mkono kwenye kila chupa, miezi ya dari, miaka miwili ya kukomaa. Mahali fulani kitu kimekatwa, na mara nyingi ni mchujo wa vishada.

Pwani_Moto

Wadau, asanteni kwa darasa. Huku kwetu nyuzi ni 30 usiku na mchana. Chupa ya namna hii inahifadhiwaje, na inanywewa ikiwa na joto gani? Na swali la pembeni: zabibu za Dodoma haziwezi kuanikwa hivi?

Fundi_Makapi

Amarone inywe kwenye nyuzi 16 hadi 18. "Joto la chumba" linalotajwa vitabuni ni la nyumba ya mawe ya Ulaya, si la Kisauni. Kwenye 28, kileo cha 16 kinapanda puani kabla ya kitu kingine na mvinyo unaonekana mtamu kuliko ulivyo. Iweke kwenye jokofu dakika 45, fungua, mimina kidogo kidogo, rudisha chupa kwenye ndoo ya maji baridi yenye barafu chache. Valpolicella ishushe zaidi, 14 au 15. Recioto 12 hadi 14.

Kuhifadhi: nyuzi 12 hadi 16 zisizoyumba, chupa imelala, gizani. Kama huna mahali hapo, usinunue chupa ya kuweka. Miezi michache kwenye kabati la nyuzi 30 inasukuma kizibo na mvinyo unapikika. Ukikuta kizibo kimeinuka juu ya shingo au kuna njia nyekundu pembeni yake, chupa imeshakwenda. Jokofu la chakula ni kavu na baridi kupita kiasi kwa miaka, lakini kwa wiki kadhaa ni bora kuliko kabati.

Chanja

La Dodoma ni swali zuri. Wanavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba yanaangukia kiangazi kikavu, kwa hiyo ukungu si tishio kubwa. Tatizo ni joto. Kwenye hewa ya moto punje hupoteza theluthi ya uzito kwa wiki chache, asidi inashuka nayo, na ukija kuchachusha kwenye joto hamira zinakimbia mwanzoni kisha zinakufa njiani na sukari bado ipo. Atakayejaribu aanze na chumba kinachopozwa cha nyuzi 10 hadi 15 chenye feni, kreti za tabaka moja, na kishada kilicholegea. Na aanze na kilo 200, asianze na tani. Apime uzito wa kreti zilezile tatu kila wiki na kuandika. Zikipoteza zaidi ya asilimia 3 kwa wiki, apunguze feni.

Kizibo

Safi sana. Basi nimalizie na meza: nyama, jibini, zawadi ya kuweka.

PipaKubwa

Nyama ya ng'ombe iliyopikwa saa tatu kwenye mchuzi mzito, Amarone ya jadi ya miaka kumi hivi. Verona wenyewe hula nayo *pastissada*, nyama ya farasi iliyolazwa kwenye mvinyo na viungo, na wali wa *risotto* unaopikwa kwa Amarone (humo mtie ya bei ya chini, harufu nyingi inaondoka na mvuke). Pilipili kali acha kabisa. Pilipili na kileo cha 16 vinawaka pamoja. Nyama choma yenye mafuta inaenda vizuri zaidi na Superiore, uchachu wake unakata mafuta. Ripasso ni ya katikati: tambi na nyama ya kusaga, uyoga. Jibini gumu lililokomaa, Monte Veronese hasa, ndilo rafiki halisi wa Amarone, tena bila chakula kingine.

Recioto ni ya chokoleti chungu au *pandoro*, keki yao ya Krismasi. Kitu cha kuliwa nayo kisiizidi utamu. Kikiizidi, mvinyo unageuka mchachu mdomoni.

Zawadi ya kuweka: Amarone ya 2016 kutoka Classico, pipa kubwa. Mpe mtu mwenye mahali baridi, la sivyo mpe Superiore anywe wiki hii.

Siki_Mwiko

Na ikishafika siku ya kuifungua: chupa ya miaka 15 kwenda mbele isimamishe wima siku moja nzima mashapo yashuke. Kizibo cha zamani hukatika katikati, kwa hiyo tumia kizibuo cha mabamba mawili yanayopita pembeni, si kile cha kusokota. Mimina taratibu kwenye jagi la kioo, taa ikiwa nyuma ya shingo, na usimame unapoona uzi mweusi unakuja. Vidole viwili vya mwisho baki navyo chupani, vinafaa kwenye mchuzi. Chupa changa ipe hewa saa mbili. Ya zamani nusu saa inatosha, maana harufu yake haisubiri.